Mweshi wa Kent: matembezi ya kuusifu mti unaokufa

Kusini-mashariki mwa Uingereza, kati ya viunga vya London na bandari ya Dover, kuna safu ya vilima vya chokaa inayoitwa Kent Downs. Si vilima virefu, lakini vina misitu mingi, na mti uliotamalaki humo ni Fraxinus excelsior, ambao Waingereza huuita ash na hapa nitauita mweshi. Umo msituni, umo kwenye ua wa mashamba, uko kando ya barabara, na usipong'olewa mapema huota hata kwenye ufa wa ukuta. Tangu mwaka 2012 mti huu unakufa, na Kent ni miongoni mwa sehemu zilizoanza kuumia.

Miaka michache baada ya ugonjwa kubainika, ofisi inayosimamia mandhari ya Kent Downs ilianzisha mradi wa urithi uliobeba jina la mti wenyewe. Haikuwaita wataalamu wa magonjwa ya mimea peke yao. Iliwaita pia wasanii, mafundi wa mbao, wanahistoria na wakazi wa kawaida. Mwaka 2018, katika msitu wa White Horse Wood karibu na kijiji cha Detling, wasanii Ackroyd na Harvey walisimamisha mashina mawili ya mweshi ya urefu wa mita 10 hivi, moja likiwa limechomwa maelfu ya mishale iliyochongwa kwa mbao za mti huohuo. Na kukawa na matembezi ya kuongozwa: kikundi cha watu kinaingia msituni pamoja na mtu anayeujua mti, kinasimama, kinashika, kinasikiliza, kinaendelea.

Kwetu sifa za marehemu hutolewa matangani. Kent waliamua kumsifu mgonjwa angali kitandani. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa wa hekima, na wapo waliouona kuwa ni kupoteza fedha za urithi kwa maombolezo ya watu wenye nafasi. Mimi nadhani matembezi yale yalikuwa na maana, ila si kwa sababu inayotajwa mara nyingi, yaani kuuaga mti. Kuaga hakumsaidii mweshi wala mtembeaji. Faida yake ilikuwa kwingine, na ili kuiona inabidi kwanza kuuelewa ugonjwa, halafu kuuelewa urithi wenyewe, ambao ni wa shoka kuliko wa mashairi.

Jinsi mti ulivyofikwa

Kuvu inayoua mweshi inaitwa Hymenoscyphus fraxineus. Kwao ni Asia ya Mashariki, ambako inaishi kwenye majani ya mieshi ya huko, hasa ule wa Manchuria, bila kuidhuru sana, kwa kuwa wamezoeana kwa vizazi visivyohesabika. Mweshi wa Ulaya haukuwahi kukutana nayo. Miti ilianza kukauka Poland mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuvu yenyewe ikaja kuelezwa na wanasayansi mwaka 2006. Katika pengo hilo la zaidi ya muongo mmoja, miche ya mweshi iliendelea kuvushwa mipaka kama kawaida.

Hapa ndipo penye kichekesho kichungu cha kisa hiki. Uingereza ni nchi ambayo mweshi hujiotea wenyewe kama magugu. Mtunza bustani huung'oa kila masika. Hata hivyo nchi hiyo ilikuwa inanunua miche ya mweshi kutoka bara la Ulaya, kwa sababu vitalu vya huko vinazalisha kwa bei nafuu. Mbegu nyingine zilikusanywa Uingereza, zikapelekwa bara zikaoteshwe, zikarudi zikiwa miche. Februari 2012 ugonjwa uligunduliwa katika kitalu kimoja cha Buckinghamshire, kwenye miche iliyotoka Uholanzi. Oktoba mwaka huohuo ukaonekana katika msitu wa Ashwellthorpe, Norfolk, kwenye miti iliyoota pale tangu enzi, na mwezi haujaisha serikali ikapiga marufuku uingizaji wa miche hiyo. Uchunguzi wa baadaye wa makovu kwenye miti ulionyesha kwamba kuvu ilikuwa imeingia miaka kadhaa kabla ya hapo, kimya kimya.

Kwa Kent marufuku isingefua dafu hata ingewahi. Kutoka pwani yake hadi Ufaransa ni kilomita 33 tu mahali pembamba, na spora za kuvu hii, yaani chembe zake za uzazi, husafiri na upepo umbali mkubwa kuliko huo.

Mwaka 2019 watafiti waliikadiria hasara ya ugonjwa huu kwa Uingereza kuwa karibu pauni bilioni 15, na karibu nusu yake ikidondokea muongo wa kwanza. Sehemu kubwa ya fedha hizo si mbao zilizopotea. Ni kazi ambazo mti hufanya bila kulipwa, kama kusafisha hewa na maji na kuhifadhi kaboni, pamoja na gharama za kuondoa miti iliyokufa kando ya barabara na reli. Watafiti haohao waligundua kwamba hasara hiyo ni kama mara 50 ya thamani ya biashara yote ya mimea hai kati ya Uingereza na nchi nyingine kwa mwaka. Yaani nchi iliuza ng'ombe ili inunue kamba.

Kinachoonekana msituni

Tofauti kati ya matembezi mazuri na mhadhara wa nje ni kwamba kwenye matembezi mazuri mtu anaona kwa macho yake jambo ambalo amelipita mara nyingi. Mweshi unafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu kila msimu una alama yake.

Wakati wa baridi, miti yote ikiwa uchi, mweshi hutambulika kwa macho yake ya kuchipulia, yaani yale machipukizi yaliyofumba. Ni meusi tititi, kama yamechovywa kwenye masizi, na yamekaa mawili mawili yakitazamana kwenye kijiti cha kijivu. Hakuna mti mwingine wa kawaida wa misitu hiyo wenye macho meusi hivyo. Mtu akishaonyeshwa mara moja hasahau, na kuanzia hapo ataona mweshi kila anapopita. Vishada vya mbegu za bawa moja hubaki vikining'inia hadi baridi ikiisha, vikavu, vikichakarisha upepo.

Masika yakifika mwaloni huvaa majani, mweshi bado unalala. Ni mti wa mwisho mwisho kuamka, na kuna msemo wa kale wa Waingereza unaotabiri mvua kwa kuangalia upi kati ya miwili hiyo umetangulia. Kuchelewa huko kuna faida kwa wengine. Jua hufika chini Aprili na Mei, na hata majani yakitoka huwa membamba yanayopitisha mwanga, kwa hiyo sakafu ya msitu wa mweshi hujaa maua. Viumbe zaidi ya 900 wameorodheshwa kuwa wanautumia mti huu nchini humo, kuanzia ndege hadi kuvumwani (lichen) za magome, na takriban 45 kati yao hawana pengine pa kuishi.

Julai ndio mwezi wa kuuona ugonjwa. Mwongozaji anayejua kazi yake hatawaambia watu watazame juu, atawaambia wainame. Kwenye takataka za majani ya mwaka uliopita kuna vikonyo vyembamba vilivyogeuka vyeusi, na juu ya vikonyo hivyo vimeota viuyoga vyeupe vyenye umbo la kikombe, upana wa milimita chache tu. Ni vizuri kuvitazama. Ndivyo vinavyorusha spora asubuhi za unyevu, kuanzia kiangazi hadi mwanzo wa vuli. Spora hutua kwenye jani bichi, kuvu hupenya, hushuka kupitia kikonyo hadi kwenye tawi, na pale tawi linapoungana na shina huacha kidonda cha umbo la almasi, chenye rangi ya kahawia iliyodidimia, na katikati yake kijitawi kikavu kilichokuwa mlango. Maji hayapandi tena. Tawi hukauka kuanzia nchani, na mti hujitutumua kwa kutoa machipukizi mapya shinani, kama mtu anayehama chumba kwa chumba nyumba ikivuja. Ukidhoofika hivyo, kuvu nyingine ya mizizi huja kuumalizia.

Baada ya hapo ndipo kikundi kinapoinua shingo kutazama juu. Kilele kilichokuwa kimefungamana sasa kina matundu, anga linaonekana, na kila mtu anaelewa anachokitazama.

Inafaa msomaji wa Afrika Mashariki ajue kwamba mweshi ni wa jamaa ya mzeituni. Kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa loliondo wa misitu yetu ya milimani, na wa mutamaiyo, ule ambao Wamaasai hutumia vijinga vyake kusafishia vibuyu vya maziwa. Mbao za ndugu hao ni ngumu na nzito. Ya mweshi ina sifa nyingine, na sifa hiyo ndiyo historia yake yote.

Urithi wa kukatwa

Waongozaji wengi hupenda kuanza na Yggdrasil, mti mkubwa wa hadithi za Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, unaobeba malimwengu yote, ambao kwa kawaida husemwa kuwa ni mweshi. Ni hadithi nzuri, nami siipingi, ila inamtoa mtu Kent na kumpeleka Iceland kabla hajatazama mti ulio mbele yake. Urithi wa Kent ni wa kazi.

Mbao za mweshi hunyumbulika bila kuvunjika na humeza mshindo. Ukipiga shoka la mpini wa mwaloni, mshtuko unafika begani. Wa mweshi unaishia njiani. Ndiyo maana kwa karne nyingi mipini ya mashoka, nyundo, sepetu na reki ilichongwa kwa mti huu. Makasia yalitokana nao, vijiti vitatu vya kriketi vilitokana nao, na fremu za ndege za kwanza zilitumia mbao zake. Kampuni ya Morgan ya Malvern imeendelea kutengeneza magari ya michezo yenye fremu ya mweshi chini ya bodi ya bati hadi siku hizi. Kuni zake huwaka hata zikiwa mbichi, jambo ambalo mpishi yeyote wa mafiga atalielewa thamani yake.

Gurudumu la mkokoteni ndilo darasa bora kuliko yote, na ingekuwa juu yangu ningelibeba kwenye kila matembezi. Fundi alitumia miti mitatu. Kitovu kilikuwa cha elmu, kwa sababu nyuzi zake zimesokotana na hazipasuki hata ukizitoboa matundu mengi. Spoki zilikuwa za mwaloni, ngumu zisizopinda. Mzingo wa nje, unaogonga mawe siku nzima, ulikuwa wa mweshi. Sasa hesabu: elmu ilimalizwa na kuvu ya kuagizwa katika karne ya 20, mweshi unamalizwa na kuvu ya kuagizwa katika karne hii. Katika gurudumu zima zimebaki spoki.

Kent yenyewe ilikuwa na mahitaji yake. Ni nchi ya hopi, mmea unaotambaa ambao maua yake huipa bia uchungu, na kabla ya waya kuenea kila shina la hopi lilihitaji mlingoti wa kupandia. Shamba moja lilikula maelfu ya milingoti, na ilipooza ilibidi ibadilishwe. Milingoti hiyo ilitoka kwenye chestinati na mweshi uliokatwa hadi kisikini, ukaachwa uchipue fimbo nyingi zilizonyooka, ukakatwa tena baada ya miaka kadhaa. Utaratibu huu si uharibifu. Mweshi ulioachwa ukue hadi uzee huishi karne mbili au tatu hivi, lakini unaokatwa kwa mzunguko huweza kuishi zaidi sana. Katika msitu wa Bradfield Woods, Suffolk, kuna visiki vya mweshi vinavyokadiriwa kuwa na umri wa miaka 1,000, vikiwa vimepanuka kama pete kubwa ardhini, na bado vinachipua.

Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kisa. Mweshi haukupendwa kwa kuachwa. Ulipendwa kwa kukatwa na watu waliotaka uote tena. Matembezi yanayougeuza kuwa mnara wa kutazamwa kwa huzuni yanaukosea heshima, kwa sababu yanafuta mikono iliyouumba msitu huo. Matembezi yanayoweka panga na kisiki na mpini mkononi mwa mtu yanakaribia ukweli.

Hata imani za kale zilikuwa za vitendo. Mwaka 1776 kasisi Gilbert White wa Selborne, Hampshire, aliandika kuhusu safu ya mieshi kijijini kwake iliyokuwa na makovu marefu shinani. Ilikuwa imepasuliwa ikiwa michanga, ikashikiliwa wazi kwa kabari, na watoto wenye ngiri wakapitishwa uchi katikati. Kisha mti ulikandikwa udongo na kufungwa. Ukiungana, mtoto amepona. Ukikataa kuungana, dawa imeshindikana. Aliandika pia juu ya mweshi mzee karibu na kanisa uliotobolewa tundu kwa keekee, akaingizwa kirukanjia akiwa hai, tundu likazibwa. Vijiti vya mti huo vilitumiwa kumpapasa ng'ombe aliyesemekana kulemazwa na kirukanjia aliyempitia mwilini. White, msomi wa zama zake, aliliita jambo hilo ushirikina. Lakini msomaji anayezijua dawa za miti ya kwetu atatambua mantiki yake: mti ni mwili, na maradhi yanaweza kuhamishwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine.

Shoka la woga

Kuna kukata kwa aina mbili, na aina ya pili ndiyo iliyoyafanya matembezi haya kuwa ya lazima.

Mweshi uliokauka kwa ugonjwa huu ni hatari kuliko mti mwingine mfu. Mbao zake hupoteza ule unyumbufu zikawa kama kigae. Tawi hudondoka bila upepo wala mlio. Wakataji wazoefu hawapendi kuupanda, hutumia mashine yenye mkono mrefu, na gharama hupanda. Kwa upande mwingine sheria ya Uingereza ya mwaka 1957 humfanya mwenye ardhi kuwajibika kwa usalama wa anayeingia humo kihalali. Halmashauri yenye kilomita nyingi za barabara za vijijini, kila upande mweshi, ina sababu ya kutolala usingizi. Shule, reli, njia za waenda kwa miguu, zote zina swali hilohilo.

Matokeo yake ni kwamba mwenye msitu huona heri akate yote leo, mizima na migonjwa, auze kuni wakati bado zina bei. Uamuzi huo unaeleweka kwa mfuko wake, lakini kwa mweshi ni msiba juu ya msiba. Tangu mapema ilijulikana kwamba miti michache, pengine asilimia moja hadi tano, hustahimili ugonjwa vizuri. Ukikata bila kubagua, unakata na hiyo. Ndiyo maana ushauri rasmi umekuwa kwamba mti usio karibu na watu, barabara au nyumba uachwe, hasa ule wenye kilele ambacho bado kimejaa majani. Kibali cha Tume ya Misitu kinahitajika ukivuka mita za ujazo tano kwa robo ya mwaka, ila kibali hakimfundishi mtu kuchagua.

Kent ilikwishapata funzo la aina hii. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 kimbunga kiliangusha miti ipatayo milioni 15 kusini mwa Uingereza. Mji wa Sevenoaks ulipoteza sita kati ya mialoni saba iliyokuwa ishara ya jina lake. Nchi nzima ikakimbilia kusafisha kwa matrekta, na baadaye wanamisitu wengi wakakiri kwamba usafishaji huo ulidhuru udongo na miche kuliko upepo wenyewe. Pale Toys Hill sehemu ya msitu iliachwa ilivyoanguka, na ikajifufua bila msaada. Katika mapengo mengi ya kimbunga kile, mmoja wa miti iliyojaza nafasi haraka ulikuwa mweshi.

Sasa rudi kwenye matembezi. Anayepiga simu kwa halmashauri kulalamika kwamba mti wa jirani ni mgonjwa ukatwe, au kulalamika kwamba msitu wake mpendwa unafyekwa, ni mwananchi. Diwani humsikiliza mwananchi. Mwananchi aliyeinama Julai akaona vikombe vyeupe, aliyeonyeshwa tofauti ya mti wenye nusu ya kilele na mti wenye robo, atapiga simu yenye maana. Hatadai kila mti ukatwe wala kila mti uachwe. Hiyo ndiyo kazi ya matembezi ambayo sanamu haiwezi kuifanya, hata yenye mishale maelfu.

Walipopungukiwa

Sisemi yalikuwa makamilifu. Matembezi ya urithi, popote yalipo, huwavuta wale ambao tayari wanaupenda msitu. Mwenye ekari kumi za mieshi na deni benki hana Jumamosi ya kusikiliza habari za Wanorse. Huyo ndiye mwenye shoka, na huyo ndiye aliyepaswa kufuatwa kwake, pengine soko la mifugo au kwenye mkutano wa wakulima. Kuwafundisha watazamaji bila kuwafikia wenye miti ni kumfundisha kuogelea mtu aliyekaa jukwaani.

Jingine ni la afya ya msitu. Buti zenye matope na majani hubeba kuvu, na ushauri wa kawaida ni kusugua viatu kabla ya kuhama msitu mmoja hadi mwingine, na kutochukua vijiti wala majani. Upepo hufanya kazi kubwa zaidi ya kusambaza, kweli, na kuna watu wanaosema brashi ya viatu ni tambiko tu. Mimi naiona kuwa sehemu ya somo. Ugonjwa ujao huenda usisafiri kwa upepo. Tayari Marekani, tangu 2002, mdudu wa kijani anayetoboa magome ya mieshi ameua makumi ya mamilioni ya miti, na huko watu wa mataifa ya asili ya kaskazini-mashariki wanaosuka vikapu kwa mweshi mweusi wanapoteza malighafi yao. Mdudu huyo husafirishwa zaidi na watu, ndani ya kuni na magogo. Mtu aliyezoea kusugua buti ana nafasi nzuri zaidi ya kujiuliza kuhusu kuni anazobeba kwenye gari akienda kupiga kambi.

Elmu inaonyesha jambo ambalo Kent ingeweza kujifunza. Kuvu kali ya elmu iliingia Uingereza miaka ya 1960 ndani ya magogo kutoka Amerika Kaskazini, na miti zaidi ya milioni 25 ikafa. Brighton, mji wa pwani ya Sussex, iliokoa maelfu ya elmu zake kwa sababu baraza la mji lilikagua mti kwa mti, likakata ulioambukizwa tu, na wakazi wakawa macho yake mitaani. Kwingineko elmu ilitoweka kwenye ua wa mashamba, na mweshi ukachukua nafasi yake kimya kimya. Kizazi kilichokulia miaka ya 1980 hakijui kama mandhari ya mashambani yaliwahi kuwa na sura nyingine.

Kilichotokea baadaye

Wakati mradi ule unaanza, jibu la sayansi lilikuwa la kusubiri. Mbegu za mweshi zilikusanywa kote nchini kuanzia 2013 na kuhifadhiwa katika benki ya mbegu ya Wakehurst, Sussex. Miche ipatayo 150,000 ilipandwa kwa makusudi katika maeneo yenye ugonjwa, Kent ikiwamo, ili kuona upi utabaki. Mwaka 2016 timu ya Richard Buggs wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, ilichapisha jenomu ya mweshi, yaani ramani nzima ya chembe zake za urithi.

Kisha Juni 2025 likaja jambo lisilotarajiwa upesi hivyo. Watafiti wa bustani ya mimea ya Kew na wa Queen Mary walilinganisha mieshi mikubwa na michanga katika msitu wa Marden Park, Surrey, kwenye vilima vilevile vya chokaa, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kent. Michanga ilikuwa na ustahimilivu zaidi kuliko wazazi wake. Hakuna jeni moja ya kinga. Ni maelfu ya mabadiliko madogo kwenye jenomu, kila moja likiongeza chembe, na ugonjwa wenyewe ndio unaochagua kwa kuua wasio nayo. Watafiti hawakusema mweshi umepona. Walisema unabadilika, na kwamba mabadiliko hayo yanahitaji kizazi baada ya kizazi cha miche inayoota yenyewe.

Hilo linabadilisha kitu cha kuonyesha. Mwongozaji wa sasa anayewapeleka watu kusimama chini ya mweshi mzee unaokauka amewapeleka mahali pasipo salama, na wala si hapo panapoamua hatima ya mti. Awapeleke hatua 20 pembeni, penye pengo lililoachwa na mti ulioanguka, ambako miche imesongamana hadi magotini. Hapo kuna adui mwingine ambaye hana uhusiano na kuvu: kulungu. Uingereza haina tena mbwa mwitu, kulungu wameongezeka mno, na mche mtamu wa mweshi hauponi meno yao. Mche wenye kinga nzuri kuliko yote nchini unaweza kuliwa leo usiku, na hakuna atakayejua ulikuwepo. Uzio wa kuzuia kulungu ni ghali, unachukiza macho, na hauna mvuto wa kuuandalia sherehe. Fungu la fedha za urithi likipatikana tena Kent, ningelipeleka huko, kisha niwaalike wale wale waliokuja kwenye matembezi waje na nyundo za mipini ya mweshi kugongomea nguzo.